Nduli, Filamu na Ndege ya Gaddafi (Sehemu ya Kwanza)

Msomaji wangu, kaa vizuri. Leo nakupeleka kwa nduli.

Ng'ombe amegongwa na gari, anagaragara kwa maumivu. Mwenye msafara, pande la mtu ndani ya magwanda ya jeshi, ameumia mkono. Daktari kijana kutoka Scotland anamfunga bandeji, lakini kilio cha ng'ombe kinamchanganya. Ghafla anaikwapua bastola ya yule mkubwa na kummaliza mnyama.

Kagusa silaha ya Rais! Unadhani kitafuata nini?

Risasi? Wapi! Mkubwa anavua shati lake la kijeshi, anabadilishana na fulana ya daktari yenye jina la Scotland.

Ndivyo filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006 inavyomkutanisha nduli wetu, Rais Idi Amin wa Uganda, na Dk. Nicholas Garrigan. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, akamwigiza Amin mpaka akabeba Oscar mwaka 2007.

Sasa sogea nikunong'oneze. Huyo daktari hajawahi kuwepo!

Ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Kwa hiyo ukimwona anaponyoka Entebbe mwaka 1976, kajichanganya na mateka wa ndege iliyotekwa nyara wanaoachiwa, ujue huo ni utamu wa sinema. Mateka walikuwepo kweli. Yeye hakuwepo.

Lakini si hilo linaloniuma. Kinachoniuma ni kwamba kisa kinakatikia Entebbe, na sisi Watanzania, wa upande huu wa Ziwa Victoria, hatumo kabisa. Kumbe nduli alijichimbia kaburi huku kwetu!

Oktoba 1978 jeshi lake lilivuka mpaka, likaingia Kagera, likaua, likapora, kisha daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu Nyerere akatangaza vita. Kufikia Machi 1979 vijana wetu walikuwa ndani ya Uganda, Kampala inanukia.

Nduli akapiga yowe. Aliyeitika ni Kanali Muammar Gaddafi wa Libya.

Gaddafi akamtumia Mwalimu ujumbe mfupi: saa 24, ondoa majeshi yako Uganda. La sivyo...

La sivyo nini? Subiri, usiniharakishe.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Libya ina mafuta, ina fedha, tena ina Tupolev Tu-22, ndege za Kirusi zinazoruka kasi kuliko sauti. Nawe una nchi maskini na vita inayokula kila shilingi.

Mwalimu alikataa.

Tarehe 29 Machi 1979, Tupolev ya Libya ikaelekezwa ng'ambo ya Ziwa Victoria. Shabaha yake si kambi ya jeshi kule mstari wa mbele. Ni Mwanza. Ni matenki ya mafuta ya Mwanza!

Hebu utazame mji wenyewe. Nyumba zimepandana juu ya miamba, vichochoro vyembamba, watoto kila kona. Matenki yakishika moto, mama mwenye mtoto mgongoni akimbilie wapi? Mbele maji, nyuma mawe.

Rubani anakaribia. Anaachia mabomu.

Matenki je?

Yamesimama vilevile! Mabomu yamekosa shabaha. Yametua mahali ambapo wewe, msomaji wa Mwanza, huenda umewahi kupanda boti ukapeleka watoto kutembea. Hapo pana waliokufa, wala hakuna hata mmoja wao aliyekuwa binadamu.

Umeshapajua? Basi funga mdomo, usimharibie mwenzako uhondo.

Na Mwalimu naye, baada ya kupigwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, ana ndege za kivita zinazosubiri neno moja tu kutoka kwake. Je, atalitamka?

Itaendelea wiki ijayo.