Mwanafunzi Aliye Ng'ambo na Afya Yake: Historia Tunayopaswa Kuijua

Leo hatutazungumza juu ya kuchemsha maji wala chandarua. Tutazungumza juu ya kijana wako ambaye ameitwa na chuo kikuu cha ng'ambo.

Wewe unayeishi Litein, Sotik, Kapkatet, Bomet au Longisa unajua mambo yanavyokwenda. Barua ikija, ukoo hukutana. Ng'ombe huuzwa, bonasi ya majani chai huwekwa kando, kisha harambee huitishwa. Siku ya safari watu hujaa gari na kumsindikiza kijana hadi uwanja wa ndege Nairobi. Begi limekaguliwa mara tatu: paspoti ipo, vyeti vipo, koti lipo. Lakini ni nani aliyekaa na kijana huyu akamweleza afya yake itakuwaje huko aendako?

Miezi minane baadaye simu zinapungua. Ukimpigia anasema, "Niko sawa, mama." Kumbe halali usiku, hali vizuri, na darasani haendi. Jamaa wakipata habari, mmoja husema amelogwa, mwingine husema ni mvivu, wa tatu husema amesahau kwao. Ndiyo maana leo tumechagua kusimulia historia. Ukiijua, utaona kwamba jambo hili si geni, wala si la aibu.

UGONJWA WENYE JINA TANGU 1688

Turudi nyuma zaidi ya miaka 300. Mwaka 1688, katika mji wa Basel nchini Uswisi, kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, Johannes Hofer, aliandika tasnifu kuhusu ugonjwa wa kutamani nyumbani. Aliuita "nostalgia", jina aliloliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na lingine la maumivu.

Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa mwanafunzi aliyetoka mji wa Bern kwenda kusoma Basel. Kijana huyo alishikwa na homa, moyo ukamdunda, akadhoofika hadi watu wakamkatia tamaa. Ilipoamuliwa arudishwe kwao, alianza kupata nafuu njiani, na kabla ya kufika Bern alikuwa amepona.

Sasa fikiria, msikilizaji. Bern na Basel ziko katika nchi moja na haziko mbali, hata hivyo kijana aliugua. Je, wetu aliyevuka bahari?

NDEGE YA MWAKA 1959

Sasa tuje kwetu. Katika miaka ya 1950 Kenya haikuwa na chuo kikuu kamili. Katika Afrika Mashariki aliyetaka digrii alitegemea Makerere, Uganda, na nafasi zilikuwa chache mno. Tom Mboya akaenda Marekani kutafuta nafasi za masomo na wafadhili. Waliomsaidia huko ni pamoja na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Mnamo Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na safari zikaendelea. Kufikia 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki na kusini mwa bara walikuwa wamenufaika.

Wengine walikwenda upande mwingine. Jaramogi Oginga Odinga aliwatafutia vijana nafasi katika nchi za kisoshalisti, na mwaka 1960 Moscow ilifungua chuo kikuu maalumu kwa wanafunzi wa nchi zetu, ambacho baadaye kilipewa jina la Patrice Lumumba. India nayo ilipokea Wakenya. Jean-Marie Seroney, mwana wa Nandi aliyekuja kuwa mbunge, alisomea sheria Allahabad.

Mwaka huohuo wa 1959, daktari Ernest Steury alifika Tenwek, Bomet. Kabla yake kituo hicho kilihudumiwa na wauguzi, bila daktari wa kukaa. Hebu pima mwenyewe: kijana wa wakati ule aliyetoka vilima hivi kwenda ng'ambo huenda hakuwa amewahi kupimwa na daktari hata mara moja. Akafika nchi ya theluji, chakula kigeni, lugha inayosemwa mbio, na watu wasiojua kwao ni wapi.

Profesa Wangari Maathai alisafiri mwaka 1960 kwenda kusoma Kansas. Ameeleza katika kitabu chake cha maisha kwamba, wakiwa safarini kwa basi kutoka New York, walisimama katika jimbo la Indiana wakaingia mkahawani kutafuta kinywaji baridi. Waliambiwa wanaweza kununua, lakini hawawezi kuketi humo kwa kuwa ni weusi. Huko Moscow nako, Desemba 1963, wanafunzi Waafrika waliandamana baada ya mwenzao kutoka Ghana kukutwa amekufa. Kwa hiyo ubaguzi ulikuwa mzigo mwingine juu ya masomo, na wataalamu wa leo wanakubali kwamba mzigo huo huumiza akili na mwili.

WATAALAMU WALIGUNDUA NINI?

Mwaka 1954, mtaalamu wa mila na desturi aitwaye Kalervo Oberg alitoa hotuba mjini Rio de Janeiro, Brazil, kuhusu mshtuko wa mtu anayeingia katika utamaduni mgeni. Alisema mgeni hupitia hatua nne. Kwanza kila kitu humpendeza. Pili huja uchungu: hukasirika upesi, huchukia chakula, hutamani kwao. Tatu huanza kuzoea. Nne hutulia.

Mwaka 1955, mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha matokeo ya mahojiano na Wanorwe 200 waliokuwa wamekwenda kusoma na kufanya utafiti Marekani. Aliona kwamba waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa na hali nzuri, na waliozidi miezi 18 pia walikuwa na hali nzuri. Walioona taabu zaidi ni waliokaa kati ya miezi 6 na 18. Si kila mtu hufuata mstari huo, maana wengine huumia tangu wiki ya kwanza. Lakini mzazi, shika jambo hili: wakati unaodhani mtoto amezoea, huenda ndio wakati anapozama.

Kisha mwaka 1960 daktari wa akili kutoka Kanada, Raymond Prince, aliandika kuhusu wanafunzi wa Nigeria waliolalamika kwamba kichwa kinawaka moto, macho yanashindwa kusoma, na wanachosoma hakishiki. Prince aliona kwamba elimu kwa vijana hao ilikuwa jambo la ukoo mzima: mmoja huchaguliwa, hulipiwa, kisha hutarajiwa kuwainua wengine wote.

Je, hilo halifanani na harambee yetu? Harambee ni kitu chema, na bila hiyo wengi tunaowaita madaktari na maprofesa leo wasingesoma. Lakini deni lake haliandikwi kwenye karatasi. Kijana anajua mama fulani alitoa shilingi mia tano za majani chai aliyoyachuma kwenye mvua. Atawezaje kumpigia simu na kusema, "Nimechoka, nalia usiku"? Anaona heri anyamaze. Ndiyo maana husema yuko sawa. Basi harambee iliyompeleka ndiyo hiyo hiyo inayomfunga mdomo, nasi hatukukusudia.

WAKIMBIAJI WETU

Tangu miaka ya 1970 vijana wengi wa jamii za Wakalenjin wamepata masomo Marekani kwa nguvu ya miguu yao. Henry Rono wa Nandi, nchi ya chai kama kwetu, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Dunia nzima ilimshangilia. Lakini pombe ilimshika, na yeye mwenyewe alikuja kueleza kwa uwazi katika kitabu chake jinsi alivyopambana nayo kwa miaka mingi. Alishinda vita hivyo, akarudi Kenya mwaka 2019, na akafariki Februari 2024.

Kisa kingine ni cha Marko Cheseto wa Pokot Magharibi, aliyekwenda kusoma na kukimbia katika chuo kikuu mjini Anchorage, Alaska. Mapema mwaka 2011 mwenzake kutoka nyumbani, mwanafunzi na mkimbiaji kama yeye, alijitoa uhai. Cheseto aliingia katika huzuni kubwa, hata akapewa matibabu. Novemba mwaka huo alipotea usiku wa theluji. Alipatikana baada ya siku kadhaa akiwa hai, lakini baridi ilikuwa imeua nyama ya miguu yake, na ikabidi miguu yote miwili ikatwe. Hakukata tamaa. Alijifunza kukimbia kwa miguu ya bandia, na mwaka 2019 alimaliza mbio za marathoni za Boston kwa saa 2 na dakika 42.

Msikilizaji, hawa hawakuwa wavivu wala wanyonge. Walikuwa wenye nguvu kuliko sisi wengi. Unyogovu ni ugonjwa, na humpata hata bingwa. Una tiba, na mapema ni bora.

MWILI NAO USISAHAULIKE

Sisi wa nyanda za juu hatuna kinga kubwa dhidi ya malaria. Wazee wa mashamba ya chai ya Kericho wanakumbuka milipuko ya miaka ya 1990. Mwanafunzi anaweza kuumwa na mbu kabla ya kuondoka, kisha homa ikamshika akiwa ng'ambo. Daktari wa huko, ambaye haoni malaria mara kwa mara, anaweza kudhani ni mafua. Kwa hiyo akipata homa katika miezi ya kwanza, amwambie daktari: "Nimetoka Kenya, nipime malaria." Sentensi hiyo inaweza kuokoa maisha. Tena, akirudi likizo baada ya miaka kadhaa asijione mwenyeji. Atumie chandarua, na akienda sehemu za joto kama Kisumu au Pwani aulize daktari kuhusu dawa za kinga.

Kuhusu kifua kikuu, Uingereza humtaka anayetoka Kenya kwa zaidi ya miezi 6 apimwe kabla ya kupewa viza. Kanada nayo hudai uchunguzi wa afya. Vyuo vingi vya Marekani hudai uthibitisho wa chanjo, hasa ya surua. Basi usitupe ile kadi ya kliniki ya mtoto.

PESA NI AFYA PIA

Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret kwa sababu ya mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada. Wazazi walikuwa wamelipa, lakini karo haikuwa imefika vyuoni, na wanafunzi waliokuwa Finland wakawa katika hatari ya kufukuzwa. Mambo yakafika mahakamani. Mtu asiyejua kama kesho atakuwa darasani hawezi kulala. Kabla ya kuuza ng'ombe, hakikisha karo inalipwa kwa chuo chenyewe na risiti inatoka huko. Uliza pia kuhusu bima ya afya, maana Marekani kitanda cha hospitali kwa siku chache kinaweza kumeza pesa za harambee nzima.

TUFANYE NINI?

Wewe mwanafunzi:
1. Wiki ya kwanza, tafuta kliniki ya chuo ilipo kabla hujaugua. Vyuo vingi vina washauri, na wanachoambiwa ni siri.
2. Kula kwa saa, lala kwa saa, na toka nje hata kama ni baridi. Unga wa ugali hupatikana katika miji mingi.
3. Usitibu upweke kwa pombe.
4. Tafuta watu wawili: mmoja wa kwenu, na mmoja wa huko.
5. Ukiona huzuni imepita wiki mbili, au mawazo ya kufa yanakujia, mwambie mtu leo hii na umwone daktari.

Wewe mzazi:
1. Usiulize alama peke yake. Uliza, "Umekula nini? Umelala? Rafiki yako ni nani?"
2. Piga simu zaidi kati ya mwezi wa 6 na wa 18.
3. Mwambie kabla hajaondoka, mbele ya wazee: "Ukishindwa, rudi. Mlango uko wazi."
4. Akirudi amevunjika moyo, mpeleke hospitalini. Usimfiche. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba. Mtu huyo anahitaji tiba, hahitaji pingu.

Na tusisahau kwamba sasa wageni huja kwetu pia. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, na wapo vijana wanaofika Kericho kutoka mbali wakitetemeka kwa mvua yetu. Ukikutana na mmoja, mkaribishe chai. Mtoto wako naye anasubiri mtu wa kumkaribisha mahali fulani.

Umechangia karo ya kijana wa jirani? Asante sana. Sasa mchangie kitu kimoja zaidi: ruhusa ya kusema, "Siko sawa."

Hadi mazungumzo yajayo, kaa na afya njema.