UZI: "Mimi nilikuja hapa kukiwa kichaka tu"

1/ Mjadala wa ardhi ukianza Kisumu, lazima mtu aseme hivyo. Ni sentensi fupi tu, lakini inaamua nani anaitwa mwenyeji na nani mgeni, na inabeba kura. Tuifuatilie ilikotoka.

2/ Mwaka 1893, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alisema huko Chicago kwamba Marekani ilizaliwa mpakani: mtu, jasho lake, na nchi tupu mbele yake. Shida ni kwamba nchi hiyo ilikuwa na wenyewe.

3/ Kwetu reli ilifika ziwani Desemba 1901. Kamishna Charles Eliot naye akaieleza nchi hii kama ambayo karibu haijaguswa. Lakini miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, ndui na njaa zikafuata. Aliyehama kwa njaa akahesabiwa hayupo! Sheria ya 1902 ikawapa walowezi ardhi kwa miaka 99. Mwaka 1915 ikawa 999.

4/ Mlowezi alijiona amejitengeneza mwenyewe. Hebu hesabu: reli ya serikali, askari wa serikali, na kodi ya kibanda iliyomsukuma Mwafrika kwenda kutafuta kibarua kwa Mzungu. Kujitegemea gani huko?

5/ Baada ya Vita Kuu ya Pili hadithi ile ikahamia mitaa mipya ya nje ya miji ya Marekani. Levittown, New York, ilianza 1947. Serikali ilidhamini mikopo, na mikataba ya mwanzo ikawafungia watu Weusi nje. Baadaye wengi katika mitaa kama hiyo walipiga kura wakisema: tulijenga wenyewe, msituongezee kodi wala majirani. Kenya nako, wanajeshi Wazungu walitengewa mashamba kwenye Nyanda za Juu. Waafrika waliopigana Burma? Hawakuruhusiwa kumiliki hata kipande huko.

6/ Sasa Migosi, mtaa wangu. Huu ulianza kama mradi wa umma: ploti zikapimwa na kuwekewa huduma, kisha mwenye ploti akajijengea. Jasho la wazee wetu lilikuwepo, sikatai. Lakini mkono wa umma ulitangulia, na kabla ya ramani yoyote pande hizi zilikuwa na dala za watu.

7/ Ndiyo maana neno "kichaka" ni hatari. Linamfuta aliyetangulia na kuficha kodi ya umma iliyoleta bomba la maji. Halafu uchaguzi ukikaribia linatumika kumwambia mpangaji aliyelipa kodi ya nyumba miaka ishirini kwamba hana sauti hapa.

8/ Mwanasiasa yeyote akikuambia mtaa ni wa "waliofyeka", muulize: nani alikuwa hapa kabla ya panga? Nani alilipia barabara? Na sera yako inamfungia nani nje?

Mwenye picha au ramani ya zamani ya Migosi, tafadhali iweke hapo chini. Tuendelee.