Tovuti ya biashara ndogo Unguja

Tovuti ya biashara ndogo Unguja ni kurasa za intaneti zinazomilikiwa na duka, nyumba ya wageni, mgahawa, karakana au kampuni ndogo ya kutembeza watalii katika kisiwa cha Unguja, Zanzibar, kwa ajili ya kujitangaza, kupokea maagizo na kuwasiliana na wateja. Inatofautiana na ukurasa wa Facebook au Instagram, na pia na nafasi ambayo biashara hupewa ndani ya tovuti kubwa za kuweka nafasi kama Booking.com, kwa sababu anwani yake na yaliyomo ndani yake ni mali ya mwenye biashara. Kampuni ya mtandao wa kijamii au ya kuweka nafasi haiwezi kuifunga kwa kubadili masharti yake.

Wasomaji wengi wa tovuti hizi ni watu ambao bado hawajafika kisiwani. Jambo hilo huathiri karibu kila uamuzi katika kuitayarisha, kuanzia lugha hadi ukubwa wa picha.

Historia

Tovuti ya kwanza duniani ilitengenezwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, na ilifunguliwa kwa umma mwaka 1991. Kikoa cha Tanzania, .tz, kiliandikishwa mwaka 1995. Zanzibar haina kikoa chake, kwa kuwa vikoa vya nchi hufuata orodha ya kimataifa ya alama za nchi, na katika orodha hiyo Tanzania ina alama moja tu.

Kwa miaka mingi intaneti ya Tanzania ilipitia satelaiti. Ilikuwa ya polepole na ya gharama kubwa. Hali ilibadilika baada ya waya wa chini ya bahari wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na EASSy kufuata mwaka 2010. Baadaye simu janja ziliwawezesha hata wenye maduka wasiokuwa na kompyuta kuingia mtandaoni.

Umeme nao una sehemu yake katika historia hii. Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya wa zamani ulipoharibika mwezi Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa tena karibu miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Katika vipindi vile hoteli ziliendesha jenereta na wateja walikuwa wakiuliza kutoka ng'ambo kama zipo wazi. Tovuti iliyohifadhiwa kwenye seva ya mbali iliendelea kusomeka, na mwenye biashara aliyepata intaneti kwa saa moja tu kwa siku aliweza kuandika humo kwamba milango iko wazi. Kwa sababu hiyo si busara kuweka tovuti kwenye kompyuta ya dukani, hata kama mafundi wanaweza kufanya hivyo. Mwezi Mei 2024 hitilafu ya nyaya za SEACOM na EASSy ilipunguza kasi ya intaneti katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, lakini tovuti zilizo kwenye seva za Ulaya ziliendelea kufunguka kwa wasomaji wa Ulaya.

Kupanga

Swali la kwanza ni kama biashara inahitaji tovuti. Muuza samaki wa soko la Darajani, ambaye wateja wake wanamjua kwa jina, hana haja nayo. Namba ya simu inamtosha. Nyumba ya wageni ya Kiponda, mwalimu wa kupiga mbizi wa Nungwi au kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni za mwani Paje wana sababu nzuri zaidi, kwa kuwa wateja wao huamua wakiwa mbali.

Hesabu ya kamisheni huonyesha sababu hiyo. Tovuti kubwa za kuweka nafasi kwa kawaida huchukua asilimia 15 au zaidi ya bei ya chumba. Tuseme nyumba ina vyumba 6 vya dola 60 kwa usiku, na kila chumba hulaliwa usiku 100 kwa mwaka. Mapato ni dola 36,000, na kamisheni ya asilimia 15 ni dola 5,400. Robo tu ya wageni wakija moja kwa moja, dola 1,350 hubaki nyumbani, kiasi ambacho kwa kawaida kinazidi sana gharama ya mwaka ya kikoa na seva. Hata hivyo tovuti ya biashara haiziondoi zile kubwa. Wageni wengi huiona nyumba kwanza huko, kisha hutafuta jina lake kwenye Google ili kuhakikisha kwamba ipo kweli. Wasipolipata, au wakikuta ukurasa uliokufa, huingiwa na shaka.

Kabla ya kujitangaza, biashara inatakiwa iwe halali. Majina ya biashara Zanzibar husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), na hoteli, nyumba za wageni na watembeza watalii huhitaji pia leseni ya Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Namba ya leseni ikionekana chini ya ukurasa humpa mgeni imani kuliko sifa ambazo biashara hujipa yenyewe.

Jina la kikoa

Anwani za .co.tz ni za biashara, na kuna pia .hotel.tz kwa ajili ya mahoteli. Vikoa vya .tz viliwekwa chini ya tzNIC, taasisi iliyoundwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na watoa huduma za intaneti, na mteja hununua kwa wasajili walioidhinishwa. Wengi huchagua .com kwa sababu wageni wameizoea. Zote mbili zinafaa.

Kikoa huandikwa kwa herufi, tarakimu na kistari tu. Kwa hiyo alama ya ritifaa hupotea, na duka la Ng'ambo litaandikwa ngambo. Jina liwe rahisi kulitaja kwa simu na kuliandika kwa mtu asiyejua Kiswahili.

Hatari kubwa zaidi katika kazi yote iko hapa, nayo haihusiani na ufundi. Mara nyingi kijana aliyetengeneza tovuti huandikisha kikoa kwa jina lake na barua pepe yake. Akihama, akigombana na mwenye duka au akisahau kulipia mwaka unaofuata, anwani hupotea pamoja na barua pepe za biashara na kila kadi iliyochapishwa. Kikoa kinatakiwa kiandikishwe kwa jina la mwenye biashara, kwa barua pepe ambayo haitegemei kikoa hichohicho, na nywila ziandikwe katika daftari linalofungiwa pamoja na hati za nyumba. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi, asipewe umiliki.

Maudhui

Tovuti ya kurasa tano inatosha biashara nyingi: mwanzo, huduma na bei, namna ya kufika, maswali ya kawaida, na mawasiliano. Ukurasa unaodharauliwa zaidi ni ule wa kufika, nao ndio wenye kazi kubwa katika Mji Mkongwe.

Mji huo, uliowekwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejaa vichochoro ambamo gari haliingii. Anwani ya mtaa haimsaidii mgeni, na alama ya ramani kwenye simu huweza kukosea kwa nyumba mbili tatu, kiasi cha kumpeleka upande mwingine wa ukuta. Maelezo mazuri huanzia mahali teksi inaposimama, kama vile Forodhani, sokoni Darajani au kanisa la Anglikana la Mkunazini, kisha hutaja hatua kwa hatua: baraza, msikiti, mlango wa mbao wenye njumu za shaba. Picha nne za kona zinazopitwa husaidia kuliko aya ndefu. Ionyeshwe pia nani atapokea mizigo, kwani mgeni mwenye sanduku zito kichochoroni ni mawindo rahisi. Papasi, yaani vijana wanaowafuata wageni bandarini na mitaani, wengine ni wasaidizi wa kweli, lakini baadhi yao humwambia mgeni kwamba nyumba anayoitafuta imejaa au imefungwa, ili wampeleke wanakolipwa kamisheni. Sentensi moja kwenye tovuti, ikimwomba mgeni apige simu kabla ya kuamini habari hiyo, imekomboa usiku mwingi uliokwisha lipiwa.

Namba za simu ziandikwe kwa mfumo wa kimataifa, yaani +255 bila sifuri inayofuata, ili zifanye kazi pia kwenye WhatsApp.

Kiingereza ndiyo lugha ya lazima kwa biashara ya utalii. Kiitalia, Kijerumani na Kifaransa vina faida katika hoteli za pwani, lakini tafsiri ya mashine isiyosomwa na mjuzi wa lugha huchekesha. Kiswahili kisisahauliwe, kwa kuwa wageni kutoka Bara na Kenya nao husafiri, na wafanyakazi wenyewe hupata pa kusoma bei sahihi. Mwandishi ajihadhari na neno kiungo: kwa fundi wa tovuti ni sehemu ya kubofya, kwa mkulima wa Kizimbani ni mdalasini au iliki, na ukurasa wa "viungo vyetu" umewahi kueleweka vyote viwili.

Picha za simu mara nyingi zina megabaiti tatu hadi tano kila moja. Zikiwekwa hivyo, ukurasa wa picha kumi hauwezi kufunguka upesi kwa mtu aliye kwenye boti ya kutoka Dar es Salaam. Zipunguzwe hadi kilobaiti 200 au chini yake. Kunakili picha za wengine kutoka mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003. Si haki vilevile kuwapiga picha wanawake wanaolima mwani huko Jambiani na Paje na kuzitumia kuuza vyumba bila idhini yao. Kilimo hicho kimekuwa kazi yao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wala hawakujitoa kuwa mapambo ya hoteli.

Malipo

Wageni wa ndani hulipa kwa pesa za simu, na wa nje kwa kadi au kwa benki. Kupokea kadi mtandaoni kunahitaji mkataba na kampuni ya malipo kama Pesapal au DPO, ambayo hukata asilimia yake. Biashara ndogo isijitengenezee fomu ya kupokea namba za kadi, wala isiombe zitumwe kwa barua pepe. Tovuti itumie HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofungwa kwa siri. Cheti chake hupatikana bure kwa Let's Encrypt.

Uzinduzi

Msimu mkubwa wa wageni ni Juni hadi Oktoba, na mwingine huanza Desemba hadi Februari. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hoteli nyingi hupunguza kazi na nyingine hufunga, na wenyewe wana nafasi ya kukaa na fundi. Lakini injini za utafutaji huchukua wiki kadhaa kuijua tovuti mpya, kwa hiyo inayofunguliwa Juni huchelewa kwa wageni wa Julai. Machi ni bora.

Kabla ya kufungua, tovuti hujaribiwa kwenye simu ya bei nafuu kwa data ya kawaida, si kwenye kompyuta ya fundi. Kipimo kizuri ni kumpa simu mtu asiyeijua biashara na kumwomba atafute bei, kisha aeleze njia ya kufika. Anapokwama ndipo pa kurekebisha.

Baada ya uzinduzi

Tovuti nyingi huharibika kwa kuachwa. Tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje wanaoingia Zanzibar wametakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 kwa mtu mzima. Ukurasa wa maswali ambao haukuitaja uliwaacha wageni wakiijua uwanjani. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kurasa zilizoendelea kumwalika mgeni aingie Beit el Ajaib baada ya sehemu yake kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Katika mwezi wa Ramadhani saa za mgahawa hubadilika, na tangazo lake linafaa kuwekwa kabla ya mwezi kuandama.

Programu inayoendesha tovuti, mara nyingi WordPress, huhitaji kusasishwa, na nakala ya kurasa zote ihifadhiwe mahali pengine. Ujumbe wa wateja ujibiwe siku hiyohiyo, kwa sababu anayeuliza chumba Shangani mara nyingi ameuliza nyumba nyingine tatu kwa wakati mmoja.