Utafiti wa Serikali kwa Viwanda Vidogo vya Nishati na Ulinzi (Dar es Salaam)

Utafiti wa serikali kwa viwanda vidogo vya nishati na ulinzi ni kazi ya kubuni, kujaribu na kusambaza teknolojia kwa fedha za umma ili mafundi na kampuni ndogo wazalishe na kuuza. Nchini Tanzania taasisi nyingi za kazi hiyo zilijengwa Dar es Salaam, na bidhaa zake hukutana na wanunuzi katika eneo la soko la Kariakoo. Upande wa nishati umeingia majumbani na barabarani. Upande wa ulinzi umebaki ndani ya mashirika ya jeshi.

## Chanzo

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka uchumi mikononi mwa umma, na utafiti ukafuata njia hiyohiyo. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, maarufu kama UTAFITI. Mwaka 1973 Sheria Na. 28 ikaunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lenye ofisi Upanga, mwendo mfupi kutoka Kariakoo. SIDO ilikopesha mashine, ikajenga mitaa ya viwanda mikoani na, kwa msaada wa Sweden, ikaunganisha viwanda vidogo vya Tanzania na kampuni ndogo za nchi hiyo zilizofundisha kazi hatua kwa hatua.

Taasisi nyingine zilifuatana kwa kasi. Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda (TIRDO) lilianza Msasani mwaka 1979. Arusha ilipata TEMDO, ya usanifu wa mitambo, mwaka 1980, na CAMARTEC, ya zana za kilimo na teknolojia za vijijini, mwaka 1981. Mwaka 1986 sheria iliunda Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyorithi kazi za UTAFITI. Makao yake yako Kijitonyama, na watu wa daladala hukiita kituo cha hapo Sayansi.

## Jiko bora

Hakuna tunda la utafiti huu lililowafikia watu wa Dar es Salaam kama jiko bora la mkaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wizara ya Nishati na Madini, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa kupunguza matumizi ya mkaa jijini. Mfano wa jiko la mradi huo ulitoka Kenya. Huko, mapema miaka ya 1980, wabunifu walikuwa wamechukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulifanyia kazi pamoja na mafundi bati wa Shauri Moyo, Nairobi.

Jiko la kawaida la bati hupoteza joto ubavuni. Jiko bora lina gamba la bati lililobanwa kiunoni, na ndani yake hukaa bakuli la udongo uliochomwa. Nafasi kati ya gamba na bakuli hujazwa mchanganyiko wa saruji unaoshika udongo na kuzuia joto lisitoke. Matundu ya chini ya bakuli hupitisha hewa na kudondosha majivu, na kijimlango cha bati hufunguliwa moto ukitakiwa kukolea au kufungwa ukitakiwa kupungua. Likitengenezwa vizuri, jiko hilo huokoa kati ya theluthi moja na nusu ya mkaa.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba halihitaji kiwanda. Fundi hukata pipa kuukuu kwa mkasi wa bati, hukunja ncha na kuzipiga pindo kwa nyundo, bila umeme wala kuchomelea. Bakuli hutoka kwa mfinyanzi, naye fundi hulifunga kwenye gamba na kulianika. Kazi hiyo iliwafaa moja kwa moja mafundi wa mitaa ya Gerezani na Kariakoo, ambao tayari walikuwa wakiishi kwa bati na chuma. Serikali ililipia usanifu, vipimo na mafunzo. Biashara ikabaki yao. Shirika lisilo la kiserikali la TaTEDO, lililoanzishwa mwaka 1990, liliendeleza mafunzo hayo mikoani.

Kasoro zilijitokeza baadaye. Mabakuli ya udongo usioiva hupasuka mapema, na majiko ya bati jembamba huuzwa bei nafuu pembeni ya mazuri bila mnunuzi kujua tofauti. Isitoshe, jiji lilikua kuliko mradi. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, kaya za Dar es Salaam zilizotumia mkaa kama nishati kuu ya kupikia ziliongezeka kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007, na jiji lilikuwa likichoma karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Jiko lilipunguza mkaa wa kila chungu, lakini vyungu viliongezeka.

## Gesi na umeme

Gesi asilia ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilifika Dar es Salaam mwaka 2004 na kuanza kuzalisha umeme Ubungo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), iliyoanza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi na kupata hadhi ya sasa kwa sheria ya mwaka 1997, ina karakana inayofunga mifumo ya gesi kwenye magari na bajaji. Chuo hicho kiko katikati ya jiji, pembeni tu ya Kariakoo, na ni miongoni mwa mahali pachache ambapo utafiti wa umma na wateja wa mtaani hukutana chini ya paa moja.

Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi Oktoba 2007. Kila anayenunua umeme wa LUKU huuchangia: risiti huonyesha asilimia 3 ya REA. Mfuko wake umesaidia pia waendelezaji wadogo wa umeme wa maji na jua. Kwa mfano, mradi wa umeme wa maji wa Mwenga, Mufindi, wa megawati 4, ulianza kuzalisha mwaka 2012.

Kwa wanaopika bila gesi wala umeme, Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) hutengeneza mkaa mbadala wa Rafiki Briquettes kutokana na makaa ya mawe.

## Ulinzi

Shirika la Mzinga, Morogoro, lilianzishwa mwaka 1974 na hutengeneza risasi. Kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, Kibaha, kilianzishwa rasmi mwaka 1985 kuendeleza mradi wa awali uliosanifu lori la Nyumbu. Baadaye kimeunda pia gari la zimamoto. Taasisi zote mbili ziko chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa.

## Fedha

Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia (MTUSATE) ulianzishwa mwaka 1995 chini ya COSTECH. Mwaka 2011 jengo la Tume lilipata pia ukumbi wa wabunifu wa Buni, na mwaka 2019 yalianza Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU) mjini Dodoma. Lengo la nchi za Afrika la kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti halijafikiwa Tanzania.

Kwa kulinganisha, Marekani ilichagua njia ya kisheria. Sheria ya mwaka 1982 ilizilazimisha idara za serikali kuu zenye bajeti kubwa za utafiti, zikiwemo za ulinzi na nishati, kutenga sehemu ya bajeti hizo kwa kampuni ndogo. Fungu hilo lilianza chini ya asilimia 1 na kufikia asilimia 3.2. Kampuni zililipwa kwanza kuthibitisha wazo, kisha kuunda mfano.

## Hali ya sasa

Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021 na kujengwa upya. Maduka ya mitaa inayolizunguka yamejaa paneli za sola na betri kutoka nje, hasa China. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Majiko na vifaa vya lengo hilo vinaweza kutengenezwa katika mitaa ya jiji kama Gerezani na Vingunguti, endapo fedha za utafiti zitawafikia mafundi wa huko kama zilivyowafikia wakati wa jiko bora.