Kiroboto-maji wa Ziwa Kivu

Mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke, akiwa mgeni wa Mukama Rumanika wa Karagwe, aliona mbali upande wa magharibi vilele vya Mfumbiro. Chini ya milima hiyo, mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, liko Ziwa Kivu. Maji yake hayamwagikii Mto Kagera unaopakana na wilaya ya Kyerwa, mkoani kwetu Kagera; hushuka kwa Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Lakini habari zake zinatuhusu sisi wenye maziwa madogo.

Zamani maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula zooplanktoni, yaani wanyama wadogo mno wanaoelea majini. Mkubwa kati ya wanyama hao alikuwa kiroboto-maji, asiyezidi punje ya ulezi. Mtazame kwa kioo cha kukuzia: mwili unapitisha mwanga, moyo unaonekana ukidunda, utumbo umejaa kijani cha mwani aliokula.

Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji walileta kutoka Tanganyika makumi ya maelfu ya vifaranga vya dagaa wa aina mbili. Aina moja ilikufa. Ya pili, Limnothrissa miodon, ndiyo sambaza wa leo. Dagaa huyu huwinda kwa macho, na mawindo makubwa ndiyo huonekana kwanza. Mwaka 1986 mtaalamu wa Ubelgiji, Henri Dumont, alitoa taarifa kwamba kiroboto-maji yule ametoweka na zooplanktoni imepungua sana. Alihofia sambaza wenyewe wangekosa chakula. Hawakukosa. Hadi leo mitumbwi iliyounganishwa hutoka usiku na taa kuwavua, na familia nyingi za Rwanda na Kongo hula kwa kazi hiyo. Siwezi kuuita uvuvi huo kosa. Namlilia tu aliyeliwa.

Ziwa Victoria nako, baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950 na 1960, furu wengi waliangamia, dagaa wakazidi, na katika zooplanktoni wakabaki zaidi wale wadogo wadogo. Ngege, aliyekuwa kitoweo kikuu, karibu atoweke humo. Amesalia katika maziwa yetu madogo, Burigi likiwamo.

Kwa hiyo anayetaka kumwaga ndoo ya vifaranga wageni katika maziwa hayo, kwanza aburute wavu wa kitambaa chenye matundu madogo sana, ahesabu kilichomo. Kama si watu waliochota maji ya Kivu na kuyapima kabla ya 1958, huenda leo hakuna ambaye angejua kwamba kiroboto-maji yule aliwahi kuishi humo.