Nguo za Sikukuu na Mzigo wa Wazazi Zanzibar

Idi ya Fitri huadhimishwa Zanzibar kwa siku nne, na wenye sikukuu hasa ni watoto. Huvishwa nguo mpya, hupita kwa jamaa na majirani kupokea mkono wa Idi, kisha jioni hupelekwa viwanjani: Mnazi Mmoja au Kariakoo kwa watu wa mjini Unguja, Tibirinzi kwa watu wa Chake Chake. Mazoea yanataka mtoto abadili nguo kila siku. Kwa hesabu hiyo, mzazi wa watoto wanne anadaiwa nguo kumi na sita, mbali na viatu na pesa za pembea. Makala haya yanadai kuwa mzigo huu hautatuliwi kwa kumnasihi mzazi mmoja mmoja. Umefungwa na jamii nzima, na jamii nzima ndiyo yenye uwezo wa kuufungua.

Tuanze na dini, kwa kuwa ndiyo asili ya sikukuu yenyewe. Sheria inamwajibisha mlezi mwenye uwezo kumtolea mtoto wake zaka ya fitri kabla ya sala ya Idi: takriban kilo mbili na nusu za chakula kama mchele, apewe maskini. Kuhusu mavazi, Suna ni kuvaa kilicho bora katika ulicho nacho. Nguo mpya si sharti, sembuse nne. Hata hivyo, wapo wazazi wanaoingia katika deni la nguo ilhali wao wenyewe wanastahili kupokea fitri.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuliita jambo hili upuuzi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu Zanzibar ya kati ya 1890 na 1945, ameonyesha jinsi waliotoka utumwani walivyotumia mavazi kujitambulisha kuwa waungwana. Baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa, kanga, kanzu, kofia na buibui vilibeba madai ya heshima. Katika mji wenye historia hiyo, mzazi anayemvisha mwanawe vizuri anatetea utu wake mbele ya watu.

Hapo ndipo nasaha ya “jikune unapojipata” inapogonga mwamba. Nguo ya mtoto hupimwa kwa nguo za wenzake. Mzazi akijitoa peke yake katika mashindano, atakayelipa gharama ya busara hiyo ni mtoto, atakayeona haya kutoka nje siku ya pili. Kila mzazi analijua hilo, basi kila mmoja hununua, na kiwango hupanda mwaka hadi mwaka. Wengi, hasa akina mama, hucheza upatu ili zamu yao iangukie Shaabani au Ramadhani. Huo ni ustadi wa kupigiwa mfano, lakini akiba ambayo ingekuza biashara ndogo inaishia katika maduka ya Darajani.

Kalenda nayo itazidisha ugumu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku kumi na moja kuliko wa miladi, hivyo Idi husogea nyuma kila mwaka. Kufikia 2030, Ramadhani itaanza mapema Januari, wakati ule ule wa sare, viatu na madaftari ya shule.

Wapo watakaosema kwamba kupunguza nguo ni kumnyang’anya mtoto furaha. Hoja hiyo inachanganya mapambo na kiini. Kinachomfurahisha mtoto zaidi ni kutembezwa kwa jamaa, kupokelewa, kupewa chochote na kucheza na wenzake. Mambo hayo yanahitaji watu kuliko fedha, na ndiyo yanayostahili kulindwa.

Basi na tukubaliane, ukoo kwa ukoo na mtaa kwa mtaa: nguo mpya moja kwa kila mtoto, na siku zilizobaki zivaliwe zilizopo. Makhatibu na walimu wa vyuo vya Kurani walizungumze jambo hili katika Shaabani, kabla fedha hazijatoka mifukoni. Wenye uwezo ndio waanze, kwa kuwa wao ndio wanaoweka kiwango ambacho wengine hulazimika kukifuata. Mjomba na shangazi nao warejee katika wajibu wao wa kumvisha mtoto wa ndugu. Furaha ya watoto ni amana ya jamii. Si haki kuwaachia wazazi wawili waibebe kwa deni.