Mti Uliokaribishwa Baringo

Msomaji, ukipewa uwanja uliosongwa na magugu, ukaambiwa uusafishe upate kupanda kitu cha maana, bila shaka utakimbilia panga. Nakusihi, kabla ya kulishika, uulize kwanza: gugu hili lilifikaje hapa? Wengi hudhani kuwa swali la namna hii ni kisingizio cha mvivu. Lakini katika nchi yetu hii kuna watu waliofyeka nyua zao mara nyingi mno, na kila walipofyeka, kichaka kilirudi kinene kuliko kilivyokuwa. Kisa chao ni sehemu ya historia ya Kenya, ingawa hakina vita wala mfalme ndani yake.

Mahali penyewe ni nchi tambarare iliyo kusini mwa Ziwa Baringo, katika Bonde la Ufa, upande wa mji wa Marigat. Wenyeji wake ni Wailchamus, ambao vitabu vya zamani huwataja kwa jina la Wanjemps. Usidhani kuwa nchi hiyo ilikuwa ukiwa tangu mwanzo. Katika karne ya kumi na tisa Wailchamus walichimba mifereji ya kutoa maji mtoni, wakalima nafaka, wakavuna mpaka wakabakiza. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, ikitafuta pembe za ndovu, ilipiga kambi kwao kununua chakula kabla ya kuendelea na safari za kaskazini. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alifika huko katika mwaka wa 1883, naye akapumzisha watu wake hapo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mifereji ile iliharibika, watu wakategemea zaidi mifugo, na ardhi ikaanza kuchoka. Nyasi zilipungua, mvua ikachukua udongo wa juu, na kila upepo ulipovuma ulitimua vumbi.

Basi, katika miaka ya 1970 ukame ulizishika nchi nyingi za Afrika, na katika mwaka wa 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Serikali zikaingiwa na hofu ya kukosa kuni. Ukatafutwa mti ustahimilio jua, ukuao upesi, usiohitaji kutunzwa. Ukapatikana. Wataalamu wa mimea waliuita Prosopis juliflora, na kwao ni Amerika. Katika mwaka huo huo wa 1973 mti wa jamii hiyo ulipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, katika machimbo ya mawe ya saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe, nao ukashika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo, na Bura pia katika nchi ya Mto Tana, chini ya miradi ya kupanda miti ya kuni. Ule wa Baringo ulisaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Huko Baringo watu wakauita mathenge.

Tusiwahukumu haraka walioupanda. Walikuta ardhi iliyo uchi, wakataka kuivika. Na miaka ya kwanza mti ulitimiza yote yaliyosemwa juu yake: ulitoa kivuli, ulizuia vumbi, ulileta kuni karibu na mlango. Waliuliza kama mti utaota katika ardhi ile kavu, wakajibiwa kwa vitendo. Swali la namna ya kuuzuia usivuke mipaka, ndilo, kwa maoni yangu, ambalo lingepaswa kuulizwa siku ile ile miche ilipotoka kitaluni.

Zingatia jinsi mti huu unavyosafiri. Maganda yake ni matamu. Mbuzi na ng'ombe huyala kwa uchu, lakini mbegu zilizo ndani ni ngumu, haziyeyuki tumboni. Hutoka pamoja na mavi, zikiwa zimelainishwa ganda na kuwekewa mbolea tayari. Na mbuzi hulala wapi? Hulala bomani, ndani ya uwanja wa nyumba. Kwa hiyo kila boma liligeuka kitalu bila ya mwenyewe kukusudia, na uwanja wa mtu ndio ulioshambuliwa mapema. Kisha zikaja mvua kubwa za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998, mafuriko yakayasomba maganda na kuyatawanya tambarare nzima. Mti mmoja mmoja ukawa kichaka, kichaka kikawa ukuta. Nyasi zilikufa chini yake, njia za kwenda ziwani zikazibwa, na miiba ikachoma miguu ya watu na ya wanyama. Ule utamu wa maganda nao ulikuwa na gharama yake: sukari ilikaa katika meno ya mbuzi mpaka yakaoza na kung'oka, na mbuzi asiye na meno hana njia ya kula.

Katika mwaka wa 2006 Wailchamus waliipeleka serikali mbele ya Mahakama Kuu jijini Nairobi, wakidai kuwa waliletewa madhara. Miongoni mwa vielelezo walivyokuja navyo alikuwamo mbuzi kibogoyo. Magazeti yalimcheka mbuzi yule, nami naona yalimcheka bure, kwani sijui ni hati gani ingalieleza hasara ya mfugaji waziwazi kuliko kinywa kile. Mwaka wa 2008 serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu baya kwa mujibu wa sheria. Mti uliopandwa kwa fedha za mradi, na chini ya uangalizi wa maofisa, ukawa mti ambao mwenye shamba anatakiwa auondoe.

Auondoe vipi? Hapa panga halitoshi. Ukiukata mathenge juu ya ardhi, kisiki hutoa machipukizi mengi, na palipokuwa na shina moja utakuta kumi. Mizizi yake huenda chini mno. Huko Arizona, katika Marekani, mzizi wa mti wa jamii hii ulikutwa katika shimo la madini, zaidi ya meta 50 chini ya ardhi. Usikate tamaa, maana huhitaji kuufuata huko. Macho ya kuchipua yako karibu na shingo ya mzizi, mahali shina linapokutana na udongo. Fukua kwa jembe kulizunguka shina, shuka kiasi cha shubiri moja au zaidi, kisha kata kwa shoka chini ya shingo hiyo. Ni kazi ya kuumiza mgongo, na miiba haina huruma.

Gharama ya kazi hii wengine huilipa kwa kuchoma makaa, na makaa ya mathenge ni mazuri. Lakini angalia hapo pana mgongano. Kwa mchoma makaa, kisiki kinachochipua ni akiba ya mwaka ujao. Kwa jirani yake atakaye malisho, kisiki hicho hicho ni adui. Wote wawili ni wenyeji, wote wana watoto wa kulisha, na maganda ya mti wa mmoja hayajui mpaka wa mwingine. Mkutano wa kijiji unaoamua kama mathenge ung'olewe au utumiwe si mkutano mwepesi. Wapo wanaoyasaga maganda kuwa chakula cha mifugo, nao hufanya vyema, kwa kuwa kinu huiua mbegu ambayo tumbo la mbuzi huiacha hai.

Hata uwanja ukisha kuwa mweupe, hujamaliza. Mbegu zimelala udongoni, nazo zaweza kungoja miaka. Mvua ya kwanza itakapofika, miche midogo itajitokeza kwa mamia, nawe sharti uing'oe ingali laini, kabla mzizi haujapata nguvu. Wakati huo huo mwaga mbegu za nyasi za kienyeji, mathalan ile iitwayo kwa Kilatini Cenchrus ciliaris, katika vijifereji vilivyochimbwa kukinga maji yasikimbie. Katika Baringo mashamba ya namna hii yamerudisha malisho mahali ambapo watu walikwisha kuona udongo mtupu. Zungushia ua wa miiba iliyokatwa, na mbuzi uwaweke nje mpaka nyasi zitoe mbegu zao wenyewe, hata kama watalia usiku kucha upande wa pili wa ua.